Sikio la mtoto linatoka usaha kila akipata mafua: mawese yanatibu au yanaharibu?

#1 BabaJamali
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwandiga, Kigoma. Nina kijana wangu wa miaka minne. Tangu mvua zianze hii ni mara ya tatu: anashikwa na mafua, siku ya pili usiku analia ameshika sikio la kulia, nyumba nzima hailali, halafu alfajiri unakuta mto umelowa usaha na mwenyewe kaamka anadai chai kama si yeye aliyetukesha. Kilio kinakatika, usaha unaendelea. Safari hii una wiki tatu na umeanza kunuka.

Mama mkwe kaja kutoka Ujiji na chupa yake ya mawese. Anayapasha kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, anadondosha matone mawili, anaziba na pamba. Anasema wanawe saba wote aliwatibu hivyo na hakuna kiziwi hata mmoja. Mwenye duka la dawa kaniuzia matone. Jirani anasema ni maji ya ziwa, nisimpeleke tena kuogelea Kibirizi. Mke wangu yuko kimya, yaani yuko upande wa mama yake.

Nani mkweli hapa?

#2 Kasulu_Kwetu
Mke akikaa kimya ujue hukumu imeshatoka, unasubiri nakala tu. Navuta kiti.

#3 MvuviWaUsiku
Jirani yako yuko sahihi. Sisi tuliokulia mwaloni, kando ya ziwa, hakuna ambaye sikio halijawahi kumtoka. Mtoto anazama, maji yanaingia, yanakaa humo yanaoza. Mimi mpaka leo nikirudi kazini asubuhi naruka kwa mguu mmoja nimeinamisha kichwa mpaka yatoke. Mpumzishe na ziwa mwezi mmoja utaniambia.

#4 NesiMstaafu
Baba Jamali pole. Nimekaa kliniki ya watoto zaidi ya miaka 20, sasa nalima mihogo, lakini sikio la usaha nalijua.

Umeeleza mwenyewe ugonjwa bila kujua. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo, na kutoka chumba hicho kuna mrija unashuka hadi nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija umeinama vizuri. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo mafua yanapanda kirahisi. Mrija ukivimba unaziba, usaha unajaa ndani, unasukuma ngoma: hicho ndicho kilio cha usiku. Ngoma ikitoboka, usaha unapata njia, maumivu yanaisha. Ndiyo maana anaamka anadai chai. Hajapona, kapasuka.

Maji ya ziwa hayapiti kwenye ngoma nzima. Tatizo lilianzia puani.

#5 MvuviWaUsiku
Nesi nakuheshimu, lakini mimi sikuwa na mafua. Nilikuwa na miaka 17, naoga ziwani kila siku, sikio likavimba njia nzima, hata kuligusa shingo inakatika. Hilo nalo lilitoka puani?

#6 NesiMstaafu
Hapana, hilo lako lilikuwa la nje. Nakubali, nilikimbilia kuongea kama kuna sikio la aina moja tu. Maji yakilainisha ngozi ya njia ya sikio, na mtu akikwangua kwa kucha au kijiti, vijidudu vinaingia na njia inavimba. Ukilivuta sikio kidogo tu unaona nyota. La mtoto mdogo la ndani huja na mafua na homa, na ukilivuta halimuumizi zaidi.

Ila Baba Jamali, ngoma ikishatoboka maji yana kesi ya kujibu. Hapo kuogelea basi mpaka pazibe.

#7 MvuviWaUsiku
Kwa hiyo jirani kashinda.

#8 NesiMstaafu
Kashinda nusu.

#9 Nyuki_wa_Sikonge
Huku Tabora hatuna ziwa na watoto wanatoka usaha vilevile. Kwetu lawama ni moshi. Ukipita vijijini msimu wa kukausha tumbaku, mabani, yaani vibanda vya kukaushia, yanawaka usiku kucha na watoto wanalala hapohapo na wazazi wanaochochea moto. Mafua hayaishi. Mafua yasipoisha, masikio yanafuata.

#10 Urambo_Damu
@Nyuki rekebisha kidogo. Tumbaku ya kwetu ni ya mvuke, moshi unapita kwenye bomba unatoka nje, majani hayaguswi na moshi. Ya moshi ni ya Songea. Mtoto anayekohoa kwa moshi anaupata jikoni kwenye mafiga, si kwenye bani.

#11 Nyuki_wa_Sikonge
Bomba la kwenye kitabu halivuji. La baba yangu lilikuwa la mabati yaliyotoboka kama chujio, na mlangoni pa moto unachochea wewe, si kitabu.

#12 Urambo_Damu
Hapo sina neno 😂

#13 BintiUjiji
Tusimseme vibaya mama mkwe wa watu. Mawese ni dawa. Mwaka juzi mende aliniingia sikioni usiku. Aliyeingiwa na mende ndiye anajua: mdudu anatembea kichwani mwako, kila mguu wake unausikia kama mtu anakokota kiti juu ya bati. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na mapanga. Bibi alinilaza ubavu, akamimina mawese ya vuguvugu, mende akatulia dakika hiyohiyo. Asubuhi akatolewa zahanati akiwa marehemu.

#14 NesiMstaafu
Bibi alifanya sawasawa kabisa. Mdudu aliye hai anauliwa kwanza kwa mafuta, kisha anatolewa na mwenye vifaa. Hata mafuta ya alizeti yangefaa. Lakini lako halikuwa na tundu. La mtoto wa #1 lina tundu, ukimimina mafuta unayapeleka chumba cha ndani pamoja na masizi ya kijiko. Dawa ileile, sikio tofauti.

#15 KaratasiZaKale
Mmenikumbusha kisa ambacho watu wa Kigoma tungepaswa kukisimulia zaidi ya ule mwembe wa Ujiji, unaosemekana ndipo Livingstone alipokutana na Stanley. Yule mzungu aliyekuja na mwenzake Burton kutafuta ziwa aliingiwa na mdudu sikioni hapahapa Tanganyika. Alikuwa anavuka ziwa kutafuta jahazi la kukodi, usiku tufani ikapiga, ilipotulia akawasha mshumaa kupanga vitu hemani, vijidudu vyeusi vikajaa. Kimoja kikaingia sikioni kikaanza kuchimba. Akajaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Akachukua ncha ya kisu kidogo akakichokoa.

#16 Kasulu_Kwetu
KISU? Huyo ni Stanley, nilijua tu yule mtu hakuwa sawa.

#17 KaratasiZaKale
Si Stanley. Stanley alifika Ujiji 1871. Huyu ni Speke, na ni 1858. Mdudu alikufa lakini kisu kilijeruhi sikio. Uso ukavimba upande mmoja, hakuweza kutafuna, akawa wa kunywa mchuzi tu, na sikio hilo likaziba kwa muda mrefu. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka na nta miezi sita saba baadaye. Na kibaya zaidi, mwenyewe aliandika kwamba palibaki tundu, akawa akipenga kamasi sikio linapiga filimbi mpaka wa pembeni wanasikia na kucheka.

#18 BintiUjiji
Kumbe bibi yangu angemwokoa kwa kijiko kimoja.

#19 FundiSaa_Tabora
Mbavu sina. Ila wazazi, mimi natengeneza saa na redio, naomba kusema jambo. Zile betri ndogo za duara zinazong'aa, mtoto akiingiza puani au sikioni usisubiri asubuhi. Mtoto wa mteja wangu aliingiza puani, wakadhani ni mafua ya upande mmoja, walipofika hospitali nyama ya katikati ya pua ilishaungua. Betri haitulii kama jiwe, inaunguza ndani ya saa chache. Tangu hapo kuukuu zote natia kwenye kopo lenye kifuniko.

#20 Mama_Sauda
Wangu aliingiza harage puani. Mume akasema tumwagie maji litoke. Harage likalowa, likavimba, likakaa kama limejengewa. Muhudumu alinifundisha: ziba kwa kidole tundu la pua lisilo na harage, weka mdomo wako juu ya mdomo wa mtoto kama unambusu, puliza pumzi moja ya haraka. Likamrukia baba yake shavuni.

#21 Kasulu_Kwetu
Lilijua aliyesema maji.

#22 Mwl_Kitabu
Naona mnacheka, ngoja nilete la darasani. Nafundisha darasa la pili. Nilikuwa na mvulana nikimwita anaendelea kuchora, nikadhani jeuri, na nakiri nilishamchapa. Siku moja nimesimama nyuma yake nikasema taratibu "nani anataka peremende?" Darasa zima likageuka, yeye hakugeuka. Nilijisikia vibaya sana. Mama yake akaniambia sikio limekuwa likitoka tangu mtoto anatambaa, "lakini haliumi mwalimu". Nikamhamishia dawati la mbele, upande wa sikio zima. Muhula uliofuata alianza kusoma. Baba Jamali, lisilouma ndilo la kuogopa.

#23 BabaJamali
Mwalimu umenishtua. Wangu redio anaongeza sauti mpaka mwisho na tunamgombeza. Nimemwita kwa nyuma sasa hivi mara mbili. Mara ya kwanza hakugeuka, mara ya pili kageuka, sijui alisikia au aliona kivuli.

#24 NesiMstaafu
Usimpime kwa kivuli, mpeleke. Ila kwanza nisomee dawa uliyouziwa.

#25 BabaJamali
Imeandikwa jentamaisini, matone ya macho na masikio.

#26 NesiMstaafu
Simamisha mpaka aonwe. Dawa ya jamii hiyo ikipenya kwenye tundu inaweza kufika sikio la ndani kabisa, lile la kusikia na la mizani ya mwili. Kwa sikio lenye tundu kliniki wanapendelea matone ya siprofloksasini.

#27 DawaKwanza
Mimi ni mfamasia. Nesi hakosei lakini asimtishe mzee wa watu akafikiri ameshampoteza mtoto. Matone hayo yametumika kwa masikio kama haya miaka na miaka, na wanaoathirika kwa matumizi ya siku chache ni wachache. Wasiwasi ni kutumia muda mrefu, hasa usaha ukishakauka maana hapo dawa inapita moja kwa moja. Kosa la muuzaji ni kuuza bila mtu kuangalia ndani ya sikio.

#28 NesiMstaafu
Wachache ni wachache mpaka awe wako. Kama ipo iliyo salama zaidi, kwa nini nimpe hiyo?

#29 DawaKwanza
Kwa sababu kuna maduka siprofloksasini ya sikio haipo, na mama kasafiri kwa bodaboda saa mbili. Tukubali kutokubaliana, Nesi. Ila wote tunakubali kwamba dawa yoyote inayodondoshwa juu ya usaha haifiki popote. Lazima sikio likaushwe kwanza.

#30 BabaJamali
Linakaushwaje? Mimi nimekuwa nikitumia vile vijiti vya pamba.

#31 NesiMstaafu
Vitupe. Vinasukuma ndani na vinakwangua. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, au karatasi laini lakini imara, isiyokatikakatika. Isokote iwe utambi kama wa kibatari. Ingiza taratibu, acha mpaka ulowe, toa, tupa, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Halafu ndipo dawa. Utambi usiuache ukalala humo, na pamba ya kuziba usiweke, inafungia uvundo.

Na angalia nyuma ya sikio. Pakivimba, pakiuma ukibonyeza, au sikio likasukumwa mbele kama limesimama, usingoje foleni ya kesho. Hapo usaha umeingia kwenye mfupa.

#32 Tabora_Kiangazi
Samahani kuingilia. Mimi tatizo langu ni pua. Kila Agosti, vumbi na jua la Tabora, natokwa damu. Naangalia juu mpaka ikatike. Kuna dawa?

#33 Mama_Sauda
Kuangalia juu unaimeza, ndugu yangu, ndiyo maana mnatapika damu mnadhani ni tumbo. Inama mbele, bana ile sehemu laini ya pua, si mfupa, dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Pumua kwa mdomo.

#34 Tabora_Kiangazi
Bila kuchungulia ndiyo mtihani.

#35 Mama_Sauda
Tumia saa ya ukutani. Na usiku paka mafuta ya mgando kidogo ndani, ngozi isikauke ikapasuka. Ikipita nusu saa haijakata, au ikikujia mara kwa mara, kapimwe na presha.

#36 Dada_wa_Nzega
Mbona hakuna aliyetaja kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni? Mtoto wa shangazi alikuwa anakohoa usiku, anakoroma, masikio yanatoka. Akaletwa mzee akamkata kimeo kwa wembe uliofungwa kwenye kijiti. Kukohoa kuliisha wiki mbili kukarudi.

#37 Kasulu_Kwetu
Kimeo ninachokijua ni simu yangu.

#38 NesiMstaafu
Dada wa Nzega, hili halinichekeshi. Nimepokea mtoto ametoka damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Wengine hupata pepopunda. Kimeo hakikohozi mtu, kimening'inia tu hapo, ndicho kinachoonekana mtoto akifungua kinywa, basi kinabebeshwa makosa ya wengine. Mtoto anayekoroma, analala mdomo wazi na masikio hayakauki, waulize kuhusu nyama za pua. Zikikua zinakaa palepale mrija wa sikio unapofungukia. Baba Jamali, wako anakoroma?

#39 BabaJamali
Kama injini ya boti.

#40 DawaKwanza
Sasa tuna mafua, ziwa, moshi, nyama za pua na mawese. Zamu ya nani?

#41 Bibi_Mwenye_Shamba
Zamu yangu. Wangu alikuwa anatoka masikio yote, nikaambiwa jicho baya, nikaambiwa meno. Mkunga mmoja akaniangalia ninavyompa uji kwenye chupa akiwa amelala chali, akasema mnyanyue. Nikaanza kumpakata kichwa juu. Yaliacha. Lakini pia ndiyo miezi tuliyohamia nyumba yenye jiko la nje, kwa hiyo hata mimi sijui kilichomponya.

#42 BabaJamali
MREJESHO. Wakuu asanteni, nilikuwa kimya kidogo. Tulikwenda hospitali. Daktari akamwinamisha, akachungulia kwa kile kitochi chenye mdomo mwembamba. Kwanza akatoa kipande cha kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama sabuni. Akaniuliza hiki nini. Nikamwangalia mama mkwe, mama mkwe akaangalia dirishani. Yalikuwa mawese yameganda na pamba.

Nyuma yake kuna tundu, si kubwa. Ametupa matone, si yale ya kwanza, na utambi kama Nesi alivyosema. Maji marufuku, wakati wa kuoga pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio kisha itolewe. Turudi baada ya wiki mbili. Kasema mengi ya matundu haya hujiziba yenyewe sikio likikaa kavu, lisipoziba ndipo tutazungumza habari ya rufaa. Ya kukoroma ataiangalia siku hiyo.

#43 NesiMstaafu
Mshukuru Mungu na umpongeze mama mkwe kwa kukubali kwenda.

#44 BabaJamali
Siku ya tisa leo, limekauka. Ila nyumbani kuna mgogoro mpya. Mama mkwe anasema ni mawese, alikuwa anapaka nyuma ya sikio usiku mimi nikilala. Jirani anasema ni kwa sababu hatujakanyaga Kibirizi. Mke wangu anasema mafua yameisha. Na mimi ndiye niliyesokota tambi ishirini na saba.

#45 Kasulu_Kwetu
Na bado mke hakusema ni wewe. Nilikwambia hukumu imetoka.

#46 Nyuki_wa_Sikonge
Asali mbichi je? Sijasema aweke, nauliza.

#47 NesiMstaafu
Ile ya kwenye chai, Nyuki. Ya kwenye chai.

#48 MvuviWaUsiku
Wakuu, msinicheke. Tangu nisome habari za yule Speke nimekuwa nikipenga kamasi na kujisikiliza. Jana kwenye mtumbwi, karabai limezimwa, ziwa limetulia, nimepenga kwa nguvu. Mwenzangu akageuka akauliza ni ndege gani huyo.

#49 NesiMstaafu
Sikio lipi?

#50 MvuviWaUsiku
Lilelile la miaka 17.

#51 NesiMstaafu
Kesho asubuhi, kabla hujalala, nenda. Na usiruke kwa mguu mmoja.